Simsim ya Mama na Karanga ya Hospitali

Mwaka 2012 nilikuwa mpishi wa nyumba moja ya wageni Kakuma. Wageni wetu karibu wote walikuwa watu wa mashirika. Wanakuja kufanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi wiki mbili tatu, kisha wanarudi kwao. Walikuja na masanduku makubwa, na ndani yake, katikati ya soksi na dawa za malaria, mlikuwa na chupa za siagi: ya karanga, ya lozi, ya korosho, na mara moja ya mbegu za alizeti, kitu ambacho mimi nilidhani ni chakula cha kuku. Sijui nani aliwaambia kwamba Turkana hakuna cha kupaka mkate. Wakiondoka wananiachia chupa zikiwa nusu. Mimi situpi kitu chenye mafuta, kwa hiyo rafu yangu ya jikoni ikajaa.

Nilikuwa nazisoma. Nina tabia hiyo ya kusoma kila kilichoandikwa, hata gunia la unga nalisoma mpaka anwani ya kiwanda. Lakini lebo zile zilinishinda. Chupa mbili, zote za karanga, zote zinajisifu hazina sukari, na bado moja inaandika wanga mara tatu ya mwenzake. Nikasema wazungu hawa wanatuchezea. Sikulifuatilia zaidi, maana wakati huo hakuna mtu kwetu aliyekuwa na haja ya kuhesabu wanga.

Haja ilikuja na mama yangu. Mama aliishi upande wa Lorugum na mbuzi wake, na alikuwa mtu wa kutembea. Mwiba ulimchoma chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, jambo la kila siku kwake, ila mwiba huo ukaacha kidonda na kidonda kikakataa kupona. Kaka yangu alimleta Lodwar kwa pikipiki. Hospitalini wakampima damu, wakaona sukari iko juu sana, na daktari akatuambia bila kuzunguka: sukari ikishuka, kidonda kitafunga, isiposhuka, mguu utakatwa.

Mama hakuelewa habari ya sukari kwenye damu, lakini kukatwa alikuelewa vizuri. "Nikiwa na mguu moja," akamuuliza daktari, "mbuzi itachunga mimi?"

Daktari akacheka, mama hakucheka. Mimi niliogopa sana siku hiyo. Mama yangu asiyeweza kutembea nilikuwa sijawahi kumfikiria, na nilipojaribu kumfikiria nilishindwa.

Akabaki Lodwar, nyumbani kwa kaka yangu. Kaka mwenyewe alikuwa akifanya kazi Kainuk na kuonekana ni mara moja moja, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wifi yangu na kitinda mimba wake, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Amri za daktari zilikuwa fupi. Ugali kidogo, uji hapana, chai bila sukari. Ale samaki, mboga, maziwa kiasi, na kama ana njaa katikati, karanga, kwa sababu karanga zina mafuta na nguvu lakini wanga wake si mwingi. Wifi yangu alilishika neno hilo la karanga kuliko mengine yote, kwa kuwa lilikuwa neno pekee la kumpa mtu kitu. Mengine yote yalikuwa ya kumnyang'anya.

Nilirudi Kakuma na kuzitazama zile chupa kwa macho mengine. Bahati nzuri mwezi huo tulikuwa na mgeni, mhasibu kutoka Nairobi, mtu mnene mpole aliyejichoma kidole mezani kila asubuhi na kujipima sukari kabla ya kugusa mkate. Nikampelekea chupa mbili na kumwomba anisomee.

"Dada, kwanza wacha hizo namba," akasema. "Angalia ni namba za kiasi gani. Hii inahesabu vijiko viwili. Hii inahesabu gramu mia. Sasa nani anakula gramu mia ya karanga?"

"Mimi," nikasema.

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akanionyesha. Chupa ya Amerika: wanga saba, na chini yake nyuzinyuzi mbili. Waamerika, alisema, huhesabu nyuzinyuzi ndani ya wanga, na nyuzinyuzi hazigeuki sukari mwilini, zinapita tu, kwa hiyo unazitoa na unabaki na tano. Chupa ya Ulaya wenyewe wameshazitoa kabla ya kuandika. "Hiyo ukitoa tena unajidanganya," akasema. "Utajiona umepona na huku unaumia." Mwisho ni kusoma walichotia, kwa mpangilio, maana kinachotajwa kwanza ndicho kingi. Ukiona sukari inatajwa mapema, rudisha chupa ulikoitoa.

Nilifurahi kupita kiasi. Wiki hiyo nzima nilikuwa najisomea rafu yangu, natoa nyuzinyuzi pale pa kutoa, naziacha pale pa kuacha. Chupa nyingine niliyokuwa naiheshimu, yenye picha ya nyuki na shamba zuri, nikaiona ni sukari yenye harufu ya karanga. Niliwapa wapiga soga wa getini wakaimaliza na mkate.

Lakini chupa za wageni hazikutosha kumlisha mtu, na huwezi kumtibu mama kwa mabaki. Aliyenitoa hapo ni mwenzangu aliyekuwa akifua mashuka, mama wa Sudan Kusini aliyeishi kambini na wanawe. Kwao simsim, ambayo wengine huiita ufuta, hulimwa kama kwetu mbuzi wanavyofugwa. Alikuwa ameonja ile siagi ya lozi akaitema kistaarabu. "Hii kwetu tunapea mzee hana meno," akaniambia. "Kuja Jumapili, baada ya kanisa. Nitaonyesha wewe kitu kweis, kitu kizuri."

Nikaenda. Alikuwa bado na nguo zake za kwaya. Tuliosha simsim, tukaianika, tukaikaanga kwenye sufuria kavu juu ya makaa huku anaikoroga bila kupumzika. Ikianza kurukaruka unaiepua hapo hapo. Mimi nilitaka ipate rangi zaidi, nikasema bado, na yeye akaniacha nifanye nilivyotaka na fungu langu. Likaungua likawa chungu. Alinipa tu fungu jingine. Kusaga kulikuwa juu ya jiwe, umepiga magoti, na kwa muda mrefu unaona unga tu na unaamini umepotezewa siku. Nikanyoosha mkono kuchukua maji.

"Wacha maji," akasema. "Wacha mafuta. Saga tu, mafuta iko ndani yake."

Na kweli. Unga ukashikamana, ukalainika, ukaanza kung'aa, kisha ukateleza kwenye jiwe wenyewe. Nikatia chumvi kidogo. Kwa watoto wake yeye hutia asali. Ya mgonjwa, alisema, iache hivyo hivyo. Siku nyingine tulichanganya na mbegu za maboga zilizomenywa, ikawa ya kijani kidogo na nzito zaidi. Niliisifu sana siagi yangu. Chupa yangu haikuwa na lebo, lakini nilijua kila kilichomo kwa sababu nilikitia mwenyewe.

Mwisho wa mwezi nikaipeleka Lodwar. Mama alichota kwa kidole, akaonja, akanitazama.

"Hii ni dawa ama ni chakula?"

"Ni chakula, Mama."

"Aliyeipika alikuwa na hasira na nani?"

Wifi yangu alicheka akajifunika uso na kanga. Nikamweleza mama habari ya mguu, ya wanga, ya vijiko viwili. Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio, kwa heshima lakini bila nia ya kujibu. Nikarudi Kakuma nikiwa na matumaini yangu.

Safari iliyofuata chupa ilikuwa tupu. Nikashangilia, kumbe nimeshangilia bure. Ile simsim ilikuwa imeliwa na wageni. Mama yangu hawezi kukaa na chakula mtu akaingia akatoka hivi hivi, na Lodwar nyumba haikosi mtu. Jirani akija na salamu, "Ejok," "Ejok noi," anapewa kijiko. Muuza kuni anapewa kijiko. Mchungaji wa kanisa alipewa vitatu, na inasemekana aliipenda. Nikaleta chupa mbili badala ya moja, nazo zikaenda njia hiyo hiyo.

Nilipomuuliza kama yeye mwenyewe anakula, alikasirika. "Nakula karanga," akasema. "Kila siku. Uliza huyu."

"Anakula," wifi akasema.

Na sukari ikabaki juu. Kila kliniki daktari alitazama mashine, akatazama kidonda, akaniuliza huyu mama anakula nini nyumbani. Nilimwapia kwamba ugali umepunguzwa, chai haina kitu, na karanga anakula kama alivyoagiza. Akaniangalia vile wanavyokuangalia wakijua unadanganya. Niliwaka. Nilimwambia labda mashine yake ndiyo mgonjwa. Kidonda kilikuwa kimezama zaidi na kuanza kunuka, na daktari akaandika tarehe ya kurudi ambayo, alisema, isipokuja na mabadiliko, atatupeleka kwa daktari wa upasuaji.

Nyumba hiyo hiyo ilikuwa na shida ya pili, na hii nayo ilikuwa ya kupimwa. Yule mtoto wa wifi alikuwa amekonda. Kwenye zahanati walimzungushia mkononi ule utepe wenye rangi, ukasoma kwenye nyekundu, wakamwandikisha kwenye mpango wa watoto wenye utapiamlo. Kila wiki mama yake alipewa pakiti za ile siagi tamu ya karanga tunayoiita karanga ya hospitali. Unakata kona, unaminya, mtoto ananyonya. Wiki inayofuata unarudisha pakiti tupu ndipo upewe nyingine. Wifi alirudisha zote, hakuna hata moja iliyopotea, na mtoto hakuongezeka. Muuguzi akamgombeza mbele ya wanawake wengine, akamwuliza kama anaziuza sokoni na kuokota tupu za wenzake. Wifi alirudi nyumbani analia. Mimi nikamtetea kwa maneno makali, kwa sababu namjua, hajawahi kuuza hata sindano.

Basi mama sukari haishuki, mtoto uzito haupandi, na wote wawili, ukiuliza, wanakula walichoambiwa. Leo naona ilikuwa wazi. Wakati ule kila mmoja alikuwa na kliniki yake na daktari wake, na mimi niliwafikiria kama magonjwa mawili.

Ijumaa moja wageni waliondoka mapema, nikapata lori la mizigo na kufika Lodwar mchana bila kutarajiwa. Niliingia uani. Mama alikuwa kwenye mkeka kivulini, mguu wenye bandeji juu ya gunia, mtoto ameketi mbele yake. Wifi alikuwa ameinama, amekata kona ya pakiti. Akaminya kwanza kwenye kiganja cha mama, taratibu, nusu nzima. Mama akalamba, akapangusa kidole, akamaliza. Kisha akasema, "Sasa yeye," ndipo wifi akampa mtoto kilichobaki.

Nikauliza, "Hiyo ni nini?"

"Karanga," mama akasema. "Si ndiyo mnataka?"

Nilimwomba wifi pakiti nikaisoma nikiwa nimesimama na mkoba begani. Mafuta ya mimea, karanga, maziwa ya unga, sukari. Sukari ya nne tu kwenye orodha ndefu, mapema kabisa. Wanga ulikuwa mwingi kuliko wa chupa yoyote ya rafu yangu, na nyuzinyuzi hazikuandikwa hata kidogo, hapakuwa na cha kutoa. Ni chakula kilichotengenezwa kwa akili zote ili kimnenepeshe mtoto haraka, na mama yangu alikuwa akikila mara tatu kwa siku.

Nilipiga kelele. Majirani walisikia. Nilimwuliza wifi kama anataka kummaliza mama, nikamwuliza mama kama utamu wenyewe haukumwambia kitu. Wifi alisimama tu na mikono pembeni.

"Daktari alisema karanga," akasema. "Na hii ni ya hospitali. Nikaona ni nzuri kuliko ya soko." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Na mimi nitapea mtoto aje, na Mama amekaa hapo anaangalia? Mimi nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira ikaniisha nguvu. Kwetu mkaza mwana hafungui kitu kizuri mbele ya mama mkwe akakipitisha juu ya kichwa chake. Mkubwa anaonja kwanza. Wifi yangu alifanya adabu yake mara tatu kila siku, na hakuna utepe wala mashine iliyokuwa na mahali pa kuandika adabu.

Nilichuchumaa nikaanza tena habari ya wanga kwa mama. Akanikatiza. "Sukari unasema iko hapa, mimi siioni. Wacha hiyo." Alikuwa anaiangalia pakiti, si mimi. "Hii ni ya nani?"

"Ya mtoto. Wanampimia yeye. Kila pakiti ni yake peke yake, ndiyo dawa yake."

"Nusu yake si ya nyumba?"

"Hapana, Mama. Yote ni yake."

Akamvuta mtoto, akaushika mkono wake pale juu ambapo huzungushiwa utepe, kwa kidole gumba na cha shahada, na vidole vyake vikakutana na kupitana. Akavitazama. Akachota mchanga akausugua kwenye kiganja chake, mara moja na mara nyingine, ingawa kilikuwa kikavu. Alichosema alikisema kwa Kiturkana, na kwa Kiswahili ni kama hivi: mimi mzee nimekaa hapa nikila mkono wa huyu.

Wifi akaanza kulia. Mama akamwambia anyamaze, kwamba mwenye makosa hapo hayuko.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata kelele zangu zisingelitatua. Mama akikaa pale uani, wifi hangeweza kumpa mtoto peke yake. Hata mama akimwambia ampe, mkono wake ungekataa, na mama alilijua hilo kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mkaza mwana zamani. Jioni ile, wifi alipochukua pakiti, mama alijiinua. Akashika fimbo, akapita mlangoni kwa kukanyagia kisigino, polepole, akatoka nje ya ua.

"Nimetoka," akasema kutoka nyuma ya uzio wa makuti ya mikoma. "Lisha mtoto."

Ikawa hivyo kila siku, kila pakiti. Daktari aliagiza mguu upumzike na mimi nilimkumbusha, akaniambia nikampumzishe daktari. Alikwenda kwa jirani, akakaa mpaka aitwe. Simsim yangu akawa anaila na samaki, anakunja uso waziwazi ili nione. Wageni wakawa wanapewa chai.

Sukari ilishuka. Si kwa wiki moja, na haikushuka yote, akaongezewa na vidonge, ila ilishuka kiasi cha daktari kuacha kuniangalia vibaya. Kidole gumba hakikuokoka. Walikikata mwanzoni mwa 2013, na tulisubiri kwa hofu kuona kama kidonda cha pale kitafunga au kitapanda juu. Kilifunga. Siku walipotoa bandeji ya mwisho, daktari alimwambia mguu ni wake, arudi kwa mbuzi wake, atafute viatu vizuri. Mama hakumshukuru papo hapo. Aliuliza kama mizani ya watoto iko jengo hilo hilo.

Ilikuwa jengo la pili, na siku hiyo ilikuwa siku ya mtoto. Mama alimchukua kwa wifi akambeba mwenyewe kuvuka uwanja wa hospitali. Alichechemea kwa sababu kidole gumba kinabeba mengi kuliko tunavyodhani, lakini hakukubali nimpokee. Utepe ukasoma kijani. Muuguzi, yule yule wa kumgombeza wifi, akasema mtoto ametoka kwenye mpango, hakuna pakiti tena, sasa ale chakula cha nyumbani kama wengine.

Tulirudi nyumbani tukiwa na njaa. Wifi akapika maharagwe na samaki, akachota kwenye bakuli la mtoto kwanza, pengine kwa mazoea ya miezi ile. Mama alipoona bakuli, akatafuta fimbo yake na kuanza kuinuka.

"Kaa, Mama," wifi akasema. "Hii ni ya wote."

Mama akabaki amejishika magotini kidogo, kama mtu anayesubiri kuambiwa mara ya pili. Kisha akakaa, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake kwenye mkeka, na mtoto akaipanda na bakuli lake.